Namba ya HS kwa mzigo unaotoka Tanga: anza na bidhaa yenyewe, jina baadaye

Marobota ya singa za mkonge yakishapigwa brashi na kufungwa, imebaki meli au lori la kuvuka mpaka wa Kenya pale Horohoro. Hapo wakala wa forodha anauliza namba ya HS, yaani namba ya kimataifa ya kuainisha bidhaa, na mara nyingi anapewa ile ya mzigo wa mwaka juzi au ya kwanza kutokea kwenye simu. Namba hiyo ndiyo inayoamua ushuru atakaotozwa mnunuzi, vibali utakavyodaiwa wewe, na kama cheti cha uasili, kinachoonyesha nchi bidhaa ilikotoka, kitapokelewa kule mzigo unakokwenda. Ikikosewa, kontena hukaa bandari ya watu na gharama ya kulihifadhi inahesabiwa kwa siku.

Mfumo wa HS ni wa Shirika la Forodha Duniani na ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Tarakimu mbili za kwanza ni sura, nne ni kichwa, sita ni kichwa kidogo. Hizo sita ni zilezile katika kila nchi inayofuata mfumo huu. Kuanzia ya saba kila upande una zake: Jumuiya ya Afrika Mashariki hufika tarakimu 8, Marekani 10. Kwa hiyo mkubaliane na mnunuzi juu ya zile sita, nazo ndizo ziandikwe kwenye ankara. Akikutumia namba ya tarakimu 10 usiipeleke ilivyo kwenye tamko la forodha la Tanzania. Chukua sita za mwanzo, kisha tafuta mbili za mwisho kwenye kitabu cha Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya, toleo la 2022. Wengi hudhani kitabu hicho ni cha waingizaji tu, kwa kuwa viwango vya ushuru vilivyomo ni vya mizigo inayoingia. Namba na maelezo ya bidhaa ni hayohayo mzigo unapotoka.

Kabla ya kukifungua, andika kwenye karatasi: bidhaa imetengenezwa kwa kitu gani (kama ni mmea, weka na jina la kisayansi), imefikia hatua gani ya usindikaji, kilichochanganywa ni nini na kwa asilimia ngapi, na kifungashio kinachoigusa bidhaa kina uzito gani. Ndipo ufungue sura, na usome maelezo yaliyo mwanzoni mwa sura kabla ya kuangalia orodha. Hapa ndipo watu wanaporuka. Kanuni ya 1 ya uainishaji inasema wazi kwamba kinachoamua ni maneno ya kichwa pamoja na maelezo ya sehemu na ya sura. Majina ya sura yenyewe ni ya kukuongoza tu.

Tuanze na mkonge, maana ndio wenye mitego. Singa zisizosokotwa, pamoja na mabaki yake, ziko 5305.00. Ukikutana na 5304 kwenye orodha ya mtandaoni, iache: kichwa hicho kilifutwa katika toleo la 2007 na mkonge ukahamishiwa 5305, lakini bado kinazunguka kwenye nyaraka za zamani. Singa zikishasokotwa, swali hugeuka: huu ni uzi au ni kamba? Jibu liko kwenye maelezo ya Sehemu ya XI, kundi la sura za nyuzi na nguo, nalo linapimwa kwa mizani. Nyuzi za mimea ya aina hii zikizidi desiteksi 20,000 huhesabiwa kuwa kamba. Desiteksi ni gramu kwa mita 10,000, kwa hiyo mpaka ni gramu 2 kwa mita. Kata mita 10 kutoka mabunda matatu tofauti, pima kila kipande. Kikizidi gramu 20, uko kichwa cha 5607. Kisipozidi, ni uzi, 5308.90. Ndani ya 5607, kamba ya mkonge ya mashine za kufungia majani makavu shambani ni 5607.21, na nyingine za mkonge ni 5607.29. Usiandike “sisal” peke yake kwenye ankara. Neno hilo halimwambii ofisa kama anaona singa, uzi au kamba.

Vikapu na mikeka hufuata njia nyingine. Mkeka wa ukili wa mkindu ni 4601.29, kikapu cha ukili huohuo ni 4602.19. Kikapu cha singa za mkonge zisizosokotwa nacho huingia 4602.19. Wauzaji wengi hukipeleka 4202 kwa kuwa mnunuzi anakiita mkoba, lakini maelezo ya Sura ya 42 yanaviondoa humo vitu vilivyosukwa vya 4602.

Chai ya Usambara huamuliwa na kifungashio. Chai nyeusi katika pakiti isiyozidi kilo 3 ni 0902.30, ikizidi, 0902.40. Kinachopimwa ni pakiti inayogusa chai: katoni ya kilo 10 yenye pakiti za gramu 250 bado ni 0902.30. Chai ya kijani ni 0902.10 na 0902.20 kwa kipimo hichohicho.

Viungo vya Muheza na Amani hubadilika vikisagwa. Karafuu nzima ni 0907.10, iliyosagwa 0907.20. Iliki nzima ni 0908.31, iliyosagwa 0908.32. Pilipili manga nzima ni 0904.11, ya unga 0904.12. Mchanganyiko una sheria yake katika maelezo ya Sura ya 9: viungo vya kichwa kimoja, kama iliki na kungumanga, hubaki kwenye kichwa hicho, vya vichwa tofauti, kama pilipili manga na tangawizi, huenda 0910.91. Ukiongeza chumvi na vingine hadi ikawa kikolezo kuliko kiungo, umehamia 2103.90.

Moto nao huhamisha sura. Korosho zenye maganda ni 0801.31, zilizobanguliwa 0801.32, zilizokaangwa 2008.19. Kosa hapa ni ghali, kwa sababu korosho ghafi hutozwa ushuru zinapotoka nchini. Pweza aliyegandishwa ni 0307.52; akishachemshwa na kukolezwa ni 1605.55.

Bidhaa ikiangukia vichwa viwili, Kanuni ya 3 hufuatwa kwa mpangilio: kwanza maelezo mahususi hushinda ya jumla, yakishindwa, tazama kitu kinachoipa bidhaa sifa yake kuu, ikishindikana kabisa, chukua kichwa cha mwisho kwa mpangilio wa namba. Usiruke kwenda hatua ya tatu kwa sababu tu ya pili ni ngumu kueleza. Na ukilinganisha vichwa vidogo, linganisha vya ngazi moja, yaani chenye kistari kimoja mbele ya maelezo yake kwa chenye kistari kimoja.

Shaka ikibaki, omba Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) uamuzi wa awali wa uainishaji kwa maandishi kabla ya kupakia. Ambatanisha sampuli, picha, viambato kwa asilimia na maelezo ya usindikaji. Jibu la mdomo, hata likiwa sahihi, halikusaidii siku ofisa mwingine anapokagua.

Tunza faili kwa kila bidhaa: namba, maelezo ya sura uliyotegemea, matokeo ya mizani, tarehe. Toleo jipya la HS linaanza 1 Januari 2028, na siku hiyo kila namba kwenye faili ipimwe upya kabla ya mzigo wa kwanza kuondoka.