Mbwa mwizi wa samaki: hatua ninazozifuata nyumbani kwangu Mikindani

Ninakaa Mikindani, mkoani Mtwara, hatua chache kutoka ufukweni, na kila jioni nakaanga samaki wa kuuza kibarazani. Ndani ya ua huohuo nafuga mbwa wawili. Mtu mwenye akili zake atakwambia uchague moja, samaki au mbwa. Mimi nimekataa kuchagua kwa miaka kumi na tatu sasa, na siku hizi majirani huja kuniuliza, mkononi wameshika ndala iliyoliwa nusu.

Sijali ni jike la kienyeji, rangi ya mchanga, miaka saba, mwizi mwenye subira. Popi ni dume la miezi minane, hana subira wala aibu. Jina la Sijali lilikuwa kosa langu. Ukisimama mlangoni asubuhi unaita "Sijali! Sijali!", jirani mliyekwaruzana jana anajua unampelekea salamu. Mpe mbwa wako jina lisilo na fumbo.

Hatua ya kwanza: siku tatu za kutazama

Usimfundishe chochote, usimchape. Chukua daftari, piga mistari, andika amefanya nini, saa ngapi, na amepata nini. Safu hiyo ya mwisho ndiyo watu wanairuka, na ndiyo yenye siri yote. Yangu ya zamani inasomeka hivi: "Saa kumi na moja jioni, kapindua ungo, kapata vibua wawili. Saa kumi na mbili kasorobo, kakwangua mlango, kapata mimi kutoka na kumfokea."

Ndiyo, na kufokewa nimekuandika kama pato. Mbwa aliyeshinda peke yake mchana kutwa, ukitoka mbio unapiga kelele na kurusha mikono, kwake hiyo ni ngoma imefika. Mbwa haibi ili akukomoe. Anarudia kilichomlipa jana, na kisichomlipa anakiacha taratibu. Kila ninachoeleza huko chini kinatoka hapo.

Ila kuna mtego. Mbwa anayefanikiwa mara moja moja anakuwa sugu kuliko anayefanikiwa kila siku. Mtazame mvuvi: siku kadhaa anarudi na ngalawa tupu, siku moja anajaza, na kesho yake alfajiri yuko majini tena. Ukilinda jikoni siku tisa ukasahau ya kumi, umemfundisha kusubiri siku kumi.

Hatua ya pili: funga duka la bure

Kawa haimzuii mbwa. Hili nililijua siku wakwe walipokuwa njiani kutoka Lindi. Nilikuwa na nguru mzima kwenye beseni, keshatiwa ndimu, chumvi na pilipili manga, juu nimemfunika kawa. Nikaingia ndani kutafuta sahani za wageni. Narudi, kawa imelazwa pembeni kistaarabu, beseni halijamwaga hata tone, na Sijali kajinyoosha chini ya mwembe, macho kayafumba kama mtu wa swaumu. Nilipomkaribia, mdomo wote unanukia ndimu. Wakwe walikula mayai.

Baada ya hapo nilimwita fundi akanipigia kabati la wavu lenye komeo la kuzungusha. Lile la kusukuma Sijali analifungua kwa pua. Beseni la samaki waliokwisha kutiwa viungo nalitundika kwenye ndoano ya boriti, na jiko nimeliwekea mlango mfupi, unaofika kiunoni. Matumbo na mapezi yanaingia ndoo yenye mfuniko wa kubana, na jioni hiyohiyo nayafukia kwenye shimo la kina cha mkono mzima, juu nalaza bati na jiwe. Ukiyafukia juujuu umempa kazi ya kuchimba, halafu utakuja kulalamika kuwa anachimba.

Hatua ya tatu: mlipe kwa saa zake

Mbwa mkubwa ale mara mbili, asubuhi na jioni, na wewe mwenyewe umwekee. Mtoto wa mbwa ale mara tatu au nne, kidogo kidogo. Wangu wanakula ugali uliosongwa na dagaa, ukoko wa wali, na kichwa cha samaki kilichochemshwa mpaka mifupa imelainika kabisa. Mfupa wa kuku uliopikwa hapana, unapasuka vipande vyenye ncha. Mchuzi wenye kitunguu hapana pia, kwa sababu kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, hata kikiwa kimepikwa. Chicha ya nazi wanaipenda sana. Ukizidisha, usiku utaamka kufagia ua kwa sababu ya mafuta yaliyobaki ndani yake.

Chakula cha jioni ninakitoa kabla sijabandika karai la mafuta. Mbwa mwenye njaa ukimkalisha karibu na samaki wanaokaangwa, unamtafutia kesi.

Halafu kuna kifuu. Chukua kifuu kizima kisicho na ufa, sugua kingo kwa msasa mpaka zisimkate ulimi, shindilia ugali uliochanganywa na dagaa waliopondwa, bonyeza kwa kidole gumba mpaka ushike kama zege. Mpe wakati ambao kwa kawaida huanza vituko. Popi analamba na kukwangua karibu nusu saa, kisha analala. Kikianza kupasuka, tupa, asije akameza kipande.

Hatua ya nne: neno "acha"

Hapa ndipo palipo kazi, na usipaharakishe.

Tafuta dagaa wakavu wasio na chumvi, uwakate vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Fanya kabla ya chakula, dakika tano tu, mara mbili kwa siku. Chuchumaa mbele ya mbwa, ficha kipande ndani ya ngumi ya mkono wa kushoto, umsogezee puani. Atanusa, atalamba, atakwangua kwa mguu, wengine hutafuna vidole kidogo. Nyamaza. Ngumi usiifungue, mkono usiuvute. Itafika sekunde atakaporudisha pua nyuma, labda kwa kuchoka tu, labda kwa kukutazama ulivyo mgumu. Sekunde hiyohiyo sema "haya!" kwa sauti ya furaha, umpe kipande kingine kutoka mkono wa kulia. Kile cha kushoto asikipate kamwe. Ndiyo siri ya zoezi: kinachokatazwa hakigeuki kuwa zawadi, zawadi inatoka upande mwingine.

Akishajua mchezo, yaani unamsogezea ngumi na yeye anarudisha kichwa mwenyewe, ndipo uanze kusema "acha" kabla ya kuisogeza. Lisemwe mara moja, sauti ya kawaida. Neno linalorudiwa mara nane anaanza kulisikia ile mara ya nane.

Kisha fungua kiganja, tayari kukifunga akivamia. Kisha weka kipande sakafuni, karibu na mguu wako, ili uweze kukikanyaga. Kisha kwenye kigoda. Mwisho kabisa samaki halisi kwenye sahani, mbwa akiwa amefungwa kamba ndefu. Akishindwa mara mbili mfululizo, rudi ngazi moja nyuma. Sijali zilimchukua wiki sita kufika kwenye sahani. Popi, huu mwezi wa pili wa mazoezi, bado yuko kwenye kigoda, na kuna siku anakula dagaa na kigoda chenyewe anakitia meno.

Watu huniuliza kwa nini nisimtandike tu. Nilimtandika mbwa wangu wa kwanza, sikufichi. Alichojifunza ni kuiba nisipokuwepo na kunikimbia nikimwita. Siku alipotoka barabarani, nikaita, hakurudi.

Hatua ya tano: ndala na mashimo

Mbwa anang'oa meno 28 ya utotoni na kuota 42 ya ukubwani, na kazi hiyo inaendelea mpaka kama miezi sita au saba. Fizi zinamuwasha, lazima atafune. Usimpe ndala kuukuu ukidhani ataiacha ile mpya. Hana macho ya kujua bei. Kwangu nachana kanga iliyochakaa, nafunga mafundo makubwa matatu, naloweka kwenye maji ya mtungi, nampa ikiwa bado ina ubaridi. Ndala zinapanda kwenye msumari nyuma ya mlango, na mgeni anaambiwa hivyo kabla hajavua.

Kuchimba ni habari nyingine. Kuanzia Novemba, joto letu likikaza na mvua haijatulia, mbwa anatafuta ubaridi. Jasho lake linatoka kwenye nyayo tu, joto lililobaki analitoa kwa kuhema, ulimi nje. Ukifukia shimo lake atachimba jingine kwenye mchicha wako. Nimewapa pembe moja chini ya mwembe, nikamwaga mchanga, kila adhuhuri naunyunyizia ndoo ya maji. Mwanzoni nilificha dagaa humo ili wajue ni mahali pao. Mchicha nimeuzungushia miba.

Hatua ya sita: vitu vya huku kwetu vinavyoua au kuunguza

Ufukweni mbwa atembee na kamba. Wavuvi wakitoa nyavu, bunju wanamtupa mchangani, na sumu ya bunju haina dawa ya kuizima. Inalegeza misuli mpaka ile ya kuvutia pumzi. Mbwa hajui hilo, anaona samaki wa bure aliyevimba vizuri. Kwa sababu hiyo "acha" si mchezo wa kuonyesha wageni. Ukimwona amekwisha kumeza, mkimbize kwa daktari wa mifugo hapohapo, usimsubirie aanze kupepesuka.

Msimu wa korosho nao una yake. Tunapoanika korosho kwenye majamvi, mbwa mdogo anadhani ni vitu vya kuchezea. Ganda bichi lina mafuta yanayounguza. Aliyewahi kubangua kwa mkono anajua ngozi inavyobabuka, sasa fikiria ulimi. Popi alivimba mdomo siku mbili. Na shambani, wakati watu wanapuliza salfa kuzuia ubwiriubwiri, ule ukungu wa mikorosho, mbwa abaki nyumbani, maana vumbi lile linamkaa kwenye manyoya kisha anajilamba.

Hatua ya saba: chanjo

Hapa sina maneno mengi. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka, na cheti ukitunze. Mimi nimejiwekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ili nisisahau. Mtu akiumwa, hata na mbwa unayemjua, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili kwa saa, kisha hospitali siku hiyohiyo. Usipake majivu wala mafuta ya taa. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Dawa ya minyoo kwa mbwa mkubwa kila miezi mitatu. Kupe watoe kila Jumapili, masikioni na katikati ya vidole.

Hatua ya nane: majirani

Wengi wetu mtaani ni Waislamu, na chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mwenye mbwa anayelichukulia hilo kama usumbufu atagombana na mtaa mzima, na kosa litakuwa lake. Mbwa wangu wana vyombo vyao, vya bati, na haviingii jikoni. Mtu akipiga hodi, wanaingia banda la nyuma kabla sijasema karibu. Kamba ya kuanikia nguo niliiweka mbali na uzio baada ya Popi kushusha kanzu ya jirani siku ya Ijumaa. Niliifua, nikaipiga pasi, nikaipeleka mwenyewe na samaki wanne.

Kubwa zaidi ilikuwa adhana ya alfajiri. Mwadhini akianza, Sijali naye anainua kichwa anavuta sauti ndefu, na hakatishi mpaka mwisho. Bibi wa nyumba ya pili alinifuata. Nikamwambia, "Shikamoo bibi." Akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, huyo mbwa wako ananiharibia nia." Nilianza kuamka robo saa kabla ya adhana, namwingiza Sijali ndani, nampa kifuu cha ugali kilichoandaliwa usiku. Mdomo ukiwa na kazi hauimbi. Ndani ya mwezi mmoja akawa anaamka mwenyewe na kukaa pale kinapowekwa kifuu, kimya, hata siku ambayo nimechelewa.

Bibi alifurahi mno. Siku hizi kila asubuhi, kiasi cha saa mbili, anakunja ukoko kwenye jani la mgomba na kuurusha juu ya uzio. Kwa hiyo kuanzia saa moja na nusu Sijali anasimama pale uzioni kwa bibi, anakwangua makuti, anabweka kumharakisha. Tayari ametoboa tundu la kupitisha kichwa. Bibi nimemwomba asubiri mpaka anyamaze ndipo arushe. Anasema anamwonea huruma.