Mambo ya kuzingatia kabla ya kuhifadhi programu kwenye mashine ya vakyumu ya chemba

Mfungashaji wa Mtwara au Lindi anayepokea mashine mpya ya vakyumu, ile inayonyonya hewa ndani ya chemba iliyofunikwa kisha kuziba mfuko, huwa na hamu ya kujaza nafasi zote za kumbukumbu siku hiyohiyo: programu moja ya korosho, ya pili ya pweza, ya tatu ya samaki. Nionavyo, ni heri asubiri, kwa kuwa programu, yaani namba za vakyumu, gesi na muda wa kuziba zilizohifadhiwa, hufaa bidhaa moja, ndani ya mfuko wa aina moja, kwa joto linalojulikana. Kimojawapo kikibadilika, namba zilizohifadhiwa huanza kudanganya.

Joto la bidhaa ndilo linalosahaulika zaidi. Hewa inapotolewa chembani, maji huchemka kwa joto dogo: kwenye mgandamizo wa milibari 42 hivi huchemka yakiwa na nyuzi 30 tu, na kwenye milibari 23 yakiwa na nyuzi 20. Pweza aliyechemshwa na kutiwa mfukoni akiwa bado vuguvugu atatoa mapovu, mchuzi utapanda hadi mdomoni mwa mfuko na kuharibu mzibo, huku mvuke ukiingia kwenye pampu na kuifanya oili iwe nyeupe kama maziwa. Kwa hiyo apoe kabisa kwenye friji kabla ya jaribio la kwanza, na siku zote za kazi aingie chembani akiwa na ubaridi uleule.

Soma pia kama mashine yako inapima vakyumu kwa asilimia au kwa sekunde. Inayohesabu sekunde haijui kilichomo ndani. Chemba iliyojaa ina hewa kidogo kuliko yenye mfuko mmoja, hivyo jaribu kwa idadi ya mifuko utakayofunga kila siku, baada ya pampu kupata moto.

Korosho ni kavu na hazina tabu ya kuchemka, ila zina tabu yake. Korosho nzima ina bei kubwa kuliko vipande, na baada ya kuziba, hewa ikirudi chembani kwa kishindo mfuko huzibana punje ghafla na kuzivunja, kazi yote ya wabanguaji ikapotea. Mashine ikiwa na uwezo wa kurudisha hewa polepole, uwashe katika programu hiyo. Ikiwa na bomba la naitrojeni, weka kiasi cha gesi kitakachopunguza mbano huo.

Muda wa kuziba hutegemea unene wa mfuko, kwa hiyo nunua kwanza mifuko utakayoendelea kuitumia. Mfuko wenye unene wa maikroni 90 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) huhitaji muda zaidi kuliko wa 70. Ziba mitupu michache, uvute mzibo kwa mikono: ukibanduka, joto halikutosha, ukikunjamana au plastiki ikayeyuka na kuwa nyembamba, limezidi. Rudia jaribio baada ya kufunga mifuko mingi mfululizo, maana upau wa kuzibia huwa umeshapata moto. Umeme ukiwa wa kupanda na kushuka, stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme, itangulie mashine.

Kwa samaki, vakyumu haichukui nafasi ya barafu. Bakteria wa botulini, wanaotoa sumu hatari, hustawi pasipo hewa, kwa hiyo wagandishe, au wakae kwenye nyuzi 3 au chini yake.

Mwisho, namba zote uziandike daftarini, pamoja na aina ya mfuko na uzito, kwani fundi akibadilisha bodi ya umeme, kumbukumbu ya mashine inaweza kuondoka nayo.