Somo: Kifaa kibovu kimekuumiza, uzembe utauthibitishaje?

Kuumia peke yake si kesi. Mdai anathibitisha mambo manne: mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwake, aliukiuka, ukiukaji huo ndio uliomuumiza, na madhara yaliyompata.

Hatua ya 1: Kifaa kisiguswe. Kesi nyingi hufia hapa. Fundi, tena kwa nia njema, anabadilisha bolti iliyokatika na kutupa ile ya zamani; ushahidi umekwenda nayo. Chuma kilichochoka taratibu mara nyingi huacha mistari kama ya mawimbi pale kilipokatikia. Kilichokatika ghafla kwa kuzidiwa mzigo hakiachi. Kwa hiyo usijaribu hata kuunganisha vipande kuona kama vinaingiana, maana vitasuguana. Piga picha, nakili namba ya kifaa, kisha mwandikie barua mwenye nacho asikitengeneze wala kukitupa.

Hatua ya 2: Jua kasoro imetoka wapi: usanifu, utengenezaji, kukosekana kwa onyo, au matengenezo mabovu. Ikiwa ni hilo la mwisho, huenda wa kushtakiwa ni mwenye mashine, si kiwanda.

Hatua ya 3: Onyesha mdaiwa alijua kasoro hiyo, au alipaswa kuijua. Omba daftari la matengenezo na malalamiko ya nyuma. Katika kesi ya MacPherson dhidi ya Buick (New York, 1916), gurudumu la mbao la gari lilivunjika. Buick, kampuni iliyotengeneza gari hilo, ilikuwa imelinunua kwa mtengenezaji mwingine, lakini haikuponea hapo: ukaguzi wa kawaida ungeigundua kasoro.

Hatua ya 4: Ripoti ya daktari, mapema. Ukichelewa, upande wa pili utadai uliumia kwingine.

MASWALI

Mwalimu, kifaa sikununua mimi, niliazimwa. Nina haki?
Unaweza kudai. Katika Donoghue dhidi ya Stevenson (1932) kinywaji kilichodaiwa kumdhuru mdai kilinunuliwa na rafiki yake, na majaji walio wengi wa mahakama ya juu ya Uingereza hawakuona hilo kuwa kizuizi.

Kinga ya msumeno ilikuwa imeondolewa nami nikaendelea na kazi. Nimejiharibia?
Kwa kiasi, ndugu. Nchi nyingi hupunguza fidia kulingana na mchango wako. Ila nani aliiondoa, na kwa amri ya nani? Anzia hapo.

Na kama mashine imeshauzwa chuma chakavu?
Tafuta picha, mashahidi, na mashine nyingine za toleo lilelile. Iliuzwa baada ya barua yako kufika? Basi itunze nakala ya barua yenye sahihi ya aliyeipokea; ndiyo itakayoonyesha kwamba mwenye mashine alikuwa ameonywa.