Somo: Mgeni rasmi wa mahafali, kuanzia barua ya mwaliko hadi neno la shukrani

Habari zenu wanakikundi. Kidato cha nne wanaingia kwenye mtihani wa taifa Novemba, kwa hiyo Septemba na Oktoba kila Jumamosi kuna turubai limefungwa kwenye uwanja wa shule fulani. Wengi mmeniuliza kuhusu mgeni rasmi. Naandika kama mwalimu niliyeshika kipaza sauti cha shule kwa miaka 11 na kuharibu mara kadhaa.

Hatua ya 1: Mnamwita nani?

Kikao cha kamati huanza na "tumpate mwenye uwezo". Maana yake mnaijua: nani atatununulia fotokopi. Mkimwita mtu kwa ajili ya mfuko wake, atalijua hilo kabla hajaketi, na hotuba yake itakuwa ya ahadi tupu. Anzeni na watoto. Wanahitaji kusikia nini wiki sita kabla ya mtihani, na nani anaweza kuwaambia wakamwamini? Mara nyingi ni muuguzi au fundi mitambo aliyesoma hapo hapo.

Hatua ya 2: Barua

Iende mwezi mmoja kabla, ikiwa na Kumb. Na. na kichwa kinachoeleweka: *YAH: MWALIKO WA KUWA MGENI RASMI KATIKA MAHAFALI*. Ndani andikeni tarehe, saa, mahali, idadi ya wahitimu, atazungumzia nini, dakika ngapi, na namba ya simu ya mtu mmoja tu wa kuwasiliana naye. Kama mtamgharamia nauli au mafuta, semeni. Kama hamna, semeni pia.

Kama risala ya wanafunzi itakuwa na maombi, mpelekeeni nakala mapema. Kumsomea mgeni mahitaji 14 mbele ya wazazi, akiwa hana habari, ni kumvizia.

Hatua ya 3: Simu ya siku tatu kabla

Hapa ndipo nilipoumbuka. Mwaka mmoja niliandika "Dkt." kwenye ratiba kwa sababu aliyetuunganisha na mgeni alikuwa akimwita hivyo. Nikatamka kwa mbwembwe, makofi yakapigwa. Mgeni akashika kipaza sauti: "Nashukuru, ila mimi bado nasoma. Mkuu wa shule, naomba uniruhusu nimalize kwanza." Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mkuu wa shule hakucheka.

Tangu hapo nauliza maswali matatu: jina lako linatamkwaje, nikuite kwa cheo gani, na kuna jambo usilopenda litajwe? Hilo la tatu wengi hulisahau. Mama mmoja aliniambia, "Usiseme mimi ni mke wa nani." Nisingeuliza, ningelitaja, maana ndilo lililokuwa midomoni mwa kila mtu.

Hatua ya 4: Utambulisho

Wasifu wa kurasa tatu ni wa kuombea kazi. Uusome wewe, uelewe, kisha uuache mezani. Dakika moja inatosha kueleza kwa nini mtu huyu, mbele ya watoto hawa, leo. Jina liwekwe mwisho, ili makofi yapate pa kuangukia. Mfano:

"Wazazi, darasa lile lenye dirisha la bluu, miaka 20 iliyopita, lilikuwa na msichana aliyepata 12 kwa 100 kwenye hesabu. Mwalimu wake yupo hapa, anacheka. Leo msichana yule anasimamia ujenzi wa madaraja. Mpokeeni Mhandisi…" kisha jina.

Hiyo 12 kwa 100, bila shaka, umeshamwomba ruhusa.

Na jueni mipaka. Mshereheshaji hamkaribishi mgeni rasmi kuhutubia. Humkaribisha mkuu wa shule, mkuu wa shule akamkaribisha mwenyekiti wa bodi, naye ndiye amkaribishe mgeni. Mlolongo huo usiupunguze, ila waombe wote wawili wasihutubie njiani. Utambulisho ule wa dakika moja mpe mwenyekiti ausome, au usome wewe mwanzoni meza kuu inapotambulishwa.

Hatua ya 5: Shukrani

Anayeshukuru ateuliwe mapema, akae mbele na kalamu. Shukrani iliyoandikwa nyumbani husikika tu: "tunakushukuru kwa hotuba yako nzuri yenye mafunzo mengi." Mwaka juzi mgeni alisimulia jinsi alivyokuwa akivuka mto viatu mkononi kuja shule. Binti wa kidato cha tatu akasimama kushukuru: "Mgeni rasmi, ule mto upo. Jumatatu tunavuka tena, na sisi viatu mkononi." Akakabidhi zawadi, akaketi. Hata nusu dakika hakumaliza. Mgeni alitoa leso.

Barua ya shukrani iende ndani ya wiki moja, na picha mbili.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. "Itifaki imezingatiwa" inaruhusiwa kwa kila mtu?
Marahaba. Msemaji wa kwanza ataje vyeo kwa mpangilio. Wanaofuata ndio waseme hivyo. Akiisema wa kwanza, itifaki haijazingatiwa na yeyote.

Mgeni ana dakika 20, yuko ya 50, jua linawaka. Tufanyeje?
Kipande cha karatasi kilichokunjwa, kipelekwe na mwenyekiti, si mwanafunzi. Sisi huandika "Wahitimu bado hawajala". Hatujawahi kukiandika mara mbili.

Bahasha apewe hadharani?
Hapana. Hadharani mpeni kitenge au picha ya shule. Nauli apewe kando na mhasibu, asaini.

Kaka, sisi shule ya serikali tunamtaka Mkuu wa Wilaya. Tupitie wapi?
Mjulisheni kwanza afisa elimu sekondari, kisha barua iende ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Fuatilieni kwa katibu wake, na muwe na tarehe ya pili mkononi, maana ziara za viongozi wa juu huvuruga ratiba zao.

Mgeni ametuma mwakilishi asubuhi ile ile na bango lina jina la bosi. Tulibandue?
Liacheni. Mgeni rasmi bado ni bosi. Mwakilishi mtambulisheni kwa jina na cheo chake mwenyewe, kisha "kwa niaba ya". Ila ile simu ya maswali matatu, mpigieni na yeye, hata kama yuko njiani.