SOMO: Kumtoza mtu pesa ili siri yake isitobolewe, katika hadithi ya upelelezi

Swali la "mtozaji wangu (anayelipwa ili anyamaze) auawe na nani?" linarudi humu kila mara. Jibu lote naliandika hapa.

1. Siri iwe ya kumgharimu mtu ndoa, kazi, urithi au uhuru wake. Aibu ndogo haizai mauaji.

2. Ushahidi ushikike. Picha ya simu ina nakala popote, kwa hiyo muuaji anayepekua droo kuitafuta haaminiki. Barua yenye mwandiko na sahihi hufaa zaidi.

3. Bei ya mwanzo ya kunyamaza iwe ya kulipika.

4. Kwa nini auawe leo? Hapa ndipo hadithi nyingi hubomoka. Aliyelipa kimyakimya miezi 18 hana sababu ya kuua mwezi wa 19 mpaka jambo fulani libadilike, na badiliko hilo msomaji alione kabla ya maiti: bei imepanda kuliko mshahara, akiba imekwisha, au mtozaji sasa anadai kitu kisicho pesa, kama sahihi kwenye hati au kuozeshwa binti. Moja latosha; ukirundika matatu, hakuna litakaloaminika. ONYO: mtozaji hamuui anayemlipa, maana huyo ndiye mtaji wake. Ukitaka mlipaji afe, kwanza awe ameamua kwenda polisi, au amegundua anayemtoza ni nani.

5. Pesa huacha alama pande mbili: mmoja hutoa kiasi kilekile kila mwezi, mwingine huishi kupita kipato chake. Usiziweke alama hizo katika sura moja.

MASWALI

Mgeni: Mkuu, sasa nani amuue mtozaji?
— Hatua ya 4. Isome.

Kalamu: Mlipaji akigoma, si auawe tu?
— Mtozaji atapata nini? Onyo liko palepale. Akigomewa hushusha bei au hutoboa siri.

Wino: Mtozaji wangu ameacha bahasha yenye siri hizo kwa wakili, ifunguliwe akifa. Inaharibu?
— Swali zuri sana. Mlipaji anayejua habari za bahasha hawezi kumuua, kwa hiyo umemsafisha mshukiwa wako mkuu. Ama asijue, ama awe ameshaiiba. Njia ninayoipenda zaidi: muuaji ni mtu wa tatu anayetaka bahasha ifunguliwe. Ndani weka herufi za kwanza za majina ya walipaji tu, la sivyo mpelelezi hana kazi.

Kitabu: Kuhusu kushusha bei, Milverton, mtozaji katika hadithi ya Sherlock Holmes ya Conan Doyle (1904), alidai pauni 7,000, akaambiwa mwanamke anayemtoza ana 2,000 tu, akakataa.
— Kweli, na sababu anaitoa mwenyewe: ana wengine anaowatoza, na mmoja akianikwa, waliobaki watalipa haraka. Basi amua mapema mtozaji wako ana walipaji wangapi. Mwenye mmoja hubembeleza. Mwenye kumi humwanika mmoja awe fundisho kwa wengine.

Wino: Basi herufi za kwenye bahasha ziwe kumi?
— Nne zatosha. Mbili zilingane, ili mpelelezi amshuku asiyehusika.