Turubai ya kuchorea: hifadhi mistari, si pikseli

Unapojitengenezea turubai ya kuchorea kwenye programu ya kompyuta, usichore papo hapo kipanya kinaposogea. Mtumiaji akibadilisha tu ukubwa wa dirisha, kazi yake yote inaweza kufutika, na hilo linauma. Weka kila mstari kama orodha ya nukta, kisha uuchore pale mfumo wa kompyuta unapoomba dirisha lichorwe upya. Skrini ikipepesa, chora kwanza kwenye picha iliyo kwenye memori, halafu uinakili kwenye skrini kwa mkupuo mmoja.

Mstari mpya ukiongezwa, uombe mfumo uchoreshe upya kipande cha turubai kilichobadilika tu. Ila kipanue kila upande kwa angalau nusu ya unene wa kalamu na pikseli moja ya ziada (wengi husahau hapa), la sivyo kingo za mstari zitaonekana zimekatwa.