Mbwa wako anajaza gesi? Anzia kwenye sufuria kabla hujakimbilia dawa

Mwaka 2024 ziwa letu la Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 mpaka Agosti 15, dagaa hapa Kigoma ilipanda bei mpaka sisi tunaofuga mbwa tukaanza kuangaliana. Mi nina mbwa wanne wa ulinzi hapa Gungu, na wengine huwa wanaletwa na watu niwafundishe, sasa hebu fikiria sufuria la hapo kwangu. Nikafanya hesabu za haraka nikaona maharage ndo mbadala, manake maharage ya Kasulu huku hayana shida kupatikana, nikawa nachemsha nachanganya na dona, nikajiona mjanja.

Wiki haijaisha, mzee anayelinda usiku, yeye na mbwa wangu Jimi wanakaa kibanda kimoja, akanifata asubuhi. Shikamoo mzee. Marahaba, mwanangu, nina jambo. Kile kibanda tukae mi au akae Jimi, wote wawili haiwezekani. Nikacheka. Usiku saa nne nikaenda kukaa nao nione kama anazidisha, na mzee alikuwa hajazidisha kitu, nusu saa sikumaliza. Jimi mwenyewe akijamba anageuka kuangalia mkia wake kama kuna mtu mwingine kafanya.

Sasa haya ndo niliyoyafanya, na ndo ninayowaambia watu wanaoniletea mbwa wenye shida hiyo. Fata kwa mpangilio, usiruke.

HATUA YA 1: Hakikisha ni gesi ya kawaida, sio tumbo kujipindua

Hii naiweka mbele kwasababu ndo inayoua. Kila mbwa anajamba, hilo sio ugonjwa. Ila ukiona tumbo limevimba ghafla na limekaza ukilipiga linalia kama ngoma, mbwa anajaribu kutapika na hakitoki kitu zaidi ya mate au povu, anahangaika, anakaa anasimama, udenda unamtoka, hapo mfuko wa chakula umejaa hewa na inawezekana umeshajipindua. Inawapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, kama German Shepherd, Great Dane na Boerboel. Hapo hamna cha hatua ya pili, ni bajaji moja kwa moja mpaka kwa daktari wa mifugo, na ni suala la masaa, sio la kusubiri kesho asubuhi. Namba ya dokta uwe nayo kwenye simu kabla ya siku hiyo, usianze kuulizia saa nane ya usiku. Na usimnyweshe chochote njiani.

Kama mbwa anakula vizuri, anacheza, kinyesi kiko freshi, ila tu ananuka, endelea.

HATUA YA 2: Daftari siku tatu

Usibadilishe kitu bado. Andika anachokula, saa ngapi, nani kampa, na lini gesi inazidi. Watu wanaona hii ni kazi ya shule ila hapa ndo unamkamata mchawi. Mi nilidhani namjua Jimi anakula nini, kumbe mtoto wa jirani anamrushia maandazi kila akitoka shule, na dada wa jikoni anammwagia mchuzi wa migebuka wenye mawese yanaelea juu, alafu mi nabaki nalaumu maharage peke yake.

Andika pia kama anazurura. Mbwa anayefunguliwa akashuka mpaka mwaloni Kibirizi akala matumbo ya samaki yaliyolala juani toka asubuhi, huyo hata umlishe kitu gani nyumbani atanuka tu. Chakula kilichooza na majalala ni sababu kubwa sana kwa mbwa wetu wa huku. Dawa yake ni geti na mnyororo mrefu, hamna dawa nyingine.

HATUA YA 3: Mpunguzie spidi ya kula

Sehemu ya gesi ni hewa tu ambayo mbwa kaimeza. Mbwa anayekula kama anakimbizwa anameza tonge na upepo, huo upepo mwingine anautoa kwa kubeua na mwingine unashuka chini. Wale wenye pua bapa kama Bulldog ndo zaidi, ila huku kwetu hao ni wachache. Kwetu tatizo ni ushindani, unakuta mbwa wanne beseni moja, kila mmoja anawahi mwenzake asimalize.

Fanya hivi. Kwanza tenganisha, kila mmoja na chombo chake na kona yake, asimuone mwenzake kama inawezekana. Pili, chukua jiwe safi la mtoni, kubwa kuliko mdomo wake ili asije akalimeza, weka katikati ya beseni, chakula kizunguke pembeni. Atalazimika kulizunguka na ulimi. Au acha beseni kabisa, chukua lile sinia kubwa la pilau ambalo limeshapinda, tandaza chakula kiwe chembamba. Jimi alikuwa anamaliza mlo wake kabla sijafunga mfuniko wa sufuria, kwa jiwe akawa anafika dakika sita saba hivi. Siku ya kwanza alilitoa jiwe na mguu akaliweka pembeni akanitazama, nikaweka kubwa zaidi.

Tatu, kama unamlisha mara moja kwa siku gawa mara mbili, asubuhi na jioni, kiasi kilekile.

HATUA YA 4: Toa washukiwa, mmoja mmoja

Hapa ndo penyewe. Elewa kwanza gesi inatoka wapi. Chakula ambacho hakijasagwa vizuri huko juu kinashuka mpaka utumbo mpana, kule kuna bakteria wanakichachua, ndo gesi inazaliwa. Sehemu kubwa ya gesi hiyo haina hata harufu, kinachonuka ni kiasi kidogo chenye salfa, ile harufu ya yai viza. Kwahiyo kuna vyakula vya kuongeza gesi na kuna vya kuongeza harufu, na mbwa wengi wa huku wanapata vyote kwa mpigo.

Maharage, kunde, soya. Yana sukari fulani zinaitwa rafinosi na stakiosi ambazo tumbo la mbwa (hata letu sisi) halina kimeng'enya cha kuzivunja, zinashuka nzimanzima mpaka kwa wale bakteria na wao wanafanya sherehe. Kuloweka usiku kucha na kumwaga maji kunapunguza, hakumalizi. Na ukinunua chakula cha kuchanganyiwa dukani uliza kama kina soya, manake watu wengi wanatoa maharage alafu wanarudisha soya kwa mlango wa nyuma.

Mawese na mafuta mengine. Najua Kigoma chakula bila mawese ni kama hakijaiva, ila mbwa sio wewe. Mafuta mengi yanamvuruga tumbo, anaharisha, na yakizidi yanaweza kumvimbisha kongosho, kile kiungo kinachotoa vimeng'enya vya kusaga chakula, na huo ni ugonjwa wa kumlaza. Kama anakula makombo ya mchuzi, engua mafuta ya juu, na kama yamepikwa na vitunguu usimpe kabisa, vitunguu ni sumu kwa mbwa, vitunguu maji na vitunguu saumu vyote.

Maziwa. Mbwa waliokomaa wengi wao hawawezi kusaga ile sukari ya maziwa. Mgando una nafuu kidogo ila mi kwenye kipindi cha kutafuta sababu natoa vyote.

Ugali mbichi. Hii watu hawaiamini mpaka waone. Ule ugali wa mbwa unaokorogwa dakika mbili ukaepuliwa, "si mbwa tu", wanga wake haujaiva na wanga mbichi unachachuka vizuri sana kule chini. Pika kama unapika wa kwako. Unga wa muhogo ndo zaidi, muhogo uwe umelowekwa na kukaushwa sawasawa kabla ya kusagwa, manake muhogo mchungu usiotengenezwa una sumu, hapo tumeshatoka kwenye habari za gesi.

Pumba nyingi, kabichi, mayai mengi, hivo navyo vinachangia. Dagaa je? Dagaa yenyewe haina neno kama ni kavu na safi, ila ile iliyonyeshewa na mvua ikiwa kwenye kichanja au mchangani ikaanza kuchacha, inayouzwa bei ya hasara "ya mbwa", hiyo ndo inayonukisha nyumba. Chukua kiganja, nusa. Ikikupiga puani, iache hapohapo kwa mwenye nayo. Na ipepete na kuiosha, mchanga wa ufukweni sio chakula.

Toa kitu kimoja, kaa siku tano mpaka wiki, angalia daftari, alafu ndo utoe kingine. Ukitoa vyote siku moja gesi ikaisha hutajua kilichokuwa kinasumbua, na siku bei ikikubana utakirudisha kilekile.

HATUA YA 5: Chakula cha kupimia

Kama huna subira ya kutoa kimoja kimoja, au washukiwa ni wengi, tumia njia hii. Chemsha wali laini bila chumvi bila mafuta, chemsha kuku bila ngozi na bila mifupa, au samaki aliyetolewa miiba yote. Changanya vikombe viwili vya wali kwa kikombe kimoja cha nyama. Mbwa wa kilo 20 hivi naanza na vikombe vitano vya robo lita kwa siku, nagawa milo miwili, nikiona anakonda naongeza. Kaa hapo kama siku nne tano. Gesi ikipungua sana, jibu umeshalipata, tatizo liko kwenye sufuria lako la zamani. Usikae hapo miezi lakini, wali na kuku peke yake haumpi madini yote, hasa kalsiamu.

Alafu ukitoka hapo kwenda chakula kipya cha kila siku, usimhamishe ghafla. Hapa ndo nilipokosea mimi, nilitoka dagaa kwenda maharage siku moja. Hata chakula kizuri ukikibadilisha ghafla kinaleta gesi na kuharisha. Tumia siku 7 mpaka 10: siku za mwanzo robo kipya robo tatu cha zamani, katikati nusu kwa nusu, mwishoni robo tatu kipya, alafu ndo unamaliza. Akiharisha rudi hatua moja nyuma.

HATUA YA 6: Mtembeze

Matembezi ya polepole, ndani ya nusu saa hivi baada ya kula, yanasaidia tumbo kufanya kazi na gesi kutoka nje huko barabarani, sio kibandani. Polepole lakini. Mbio, kuruka na mazoezi ya kushambulia subiri kama masaa mawili, hasa kwa hao wakubwa wa kifua kirefu niliowataja mwanzo.

HATUA YA 7: Minyoo na daktari

Mbwa aliyekomaa anapewa dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, kwa kipimo cha uzito wake, sio kwa kukadiria na macho. Kama hukumbuki mara ya mwisho ni lini, basi imeshapita. Na hizi sindano za minyoo za ng'ombe mnazowachoma mbwa mtaani mziache, zipo zinazoua mbwa wa aina fulani.

Ukishafanya yote wiki mbili tatu na hali ni ileile, au mbwa anakonda huku anakula kama kawaida, anatapika, kinyesi kina damu au kamasi, au kinatoka kingi cha mafuta mafuta chenye rangi ya kupauka, hapo usinisikilize mimi tena. Inaweza kuwa vimelea kama jiardia, inaweza kuwa mzio, inaweza kuwa kongosho halitoi vimeng'enya vya kutosha, hiyo ya kongosho German Shepherd wanaipata sana. Beba kinyesi cha asubuhi kwenye kikopo safi na lile daftari, dokta atakushukuru.

Mambo ambayo watu wananiuliza kila siku: magadi usimpe, mkaa wa jikoni uliosagwa usimpe, kitunguu saumu nimeshasema. Diklofenaki, ibuprofeni, panado, usithubutu, hizo za kwetu zinaweza kumharibu figo, tumbo au ini. Zipo dawa za gesi ambazo daktari anaweza kukuandikia, akuandikie yeye.

Kwa Jimi ilichukua kama wiki mbili na nusu. Maharage nje, mchuzi wa mawese nje, jiwe ndani ya beseni, na mtoto wa jirani tukakubaliana maandazi ale mwenyewe. Bado anajamba, mbwa ni mbwa, ila mzee alirudisha kiti chake ndani ya kibanda bila kusema chochote.

Mwaka 2025 nikajipanga mapema. Aprili, ziwa bado halijafungwa, nikanunua dagaa kavu za kutosha, nikazianika tena juani siku mbili juu ya turubai, nikapepeta, nikaweka kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko wa kubana, nikaziinua juu ya mbao zisiguse sakafu. Kila Jumapili nafungua nanusa. Ikianza harufu ya uchachu, ndoo hiyo haiendi kwa mbwa. Yale maharage yaliyobaki nilimpa mzee, akayapokea kwa mikono miwili, akauliza kama na kibanda atahama yeye.